Simu ya Makao Makuu

Lifti ilikwama ng'ambo, katika nchi yenye makao makuu ya kampuni ya lifti, na ndani yake kulikuwa na bibi mmoja peke yake. Alipobonyeza kitufe cha msaada, simu iliita huku, mezani kwa Nyamizi, katika mji ambao bibi hakuwahi kuusikia.

Miaka yote ofisi ile ilikuwa ya kupokea simu na kuuliza makao makuu. Tangu asubuhi hiyo, utaalamu wote wa lifti ulikuwa umehamishiwa kwenye ofisi hiyo. Hata hivyo mkono wa Nyamizi ulikwenda kwenye simu ya kuulizia makao makuu.

Msimamizi wake, Mkwizu, aliifunika kwa kiganja. "Ukipiga hiyo, itaita hapa hapa, dada. Wa kuulizwa ni wewe."

"Na nikikosea?"

"Nipo."

Nyamizi alitazama kompyuta, akachagua kuishusha lifti polepole. Akamwambia bibi kwa lugha yake, "Shika ukuta. Unaitwa nani?"

"Margit. Naogopa."

"Mimi Nyamizi. Hata mimi naogopa. Tushuke wote."

Lifti ikashuka. Upande wa pili mlango ulianza kukwaruza ukifunguka. Kiganja cha Mkwizu kilikuwa bado juu ya simu ya kuulizia.