Pazia la Sebuleni

Majivu ya mama niliyakuta gereji, kati ya koleo la theluji na mapambo ya Krismasi. Kifuniko cha chombo chake kilikuwa na vumbi.

Nilimbeba hadi sebuleni. Kwenye rafu iliyo juu ya meko ya kuotea moto, mahali pake tangu mwili wake uchomwe, zilijipanga roboti mpya za plastiki, zingali ndani ya maboksi yake.

"Wendell, mama yangu wa kuwekwa gereji?"

"Usianze, mpenzi. Hizi zinataka kuonekana. Mama yako nani anamtazama?"

Nikaliendea pazia zito la dirisha kubwa. Halijafunguliwa tangu tuhamie, maana jua hupausha rangi za maboksi ya midoli ambayo Wendell ameipanga ukutani kote. Miaka yote hiyo tumekula chakula cha mchana kwa mwanga wa taa.

"We! Pazia hilo! Utaniharibia!"

Nililivuta kwa nguvu mpaka pete zikakatika. Jua la Julai likazipiga kuta zote za midoli. Wendell akakimbilia dirishani, akatanua mikono kulikinga jua kwa mgongo wake.

Nikamwekea mama kifuani, akalazimika kumpokea.

"Haya," nikamwambia. "Mtazame."