Goti la Kumpokea Baba Mkubwa

Regina alimkuta mlangoni mzee asiyemfahamu, viatu mkononi, suruali imelowa maji ya ziwa.

"Mimi ni kaka wa marehemu baba yako. Nimetoka Kagunga kwa boti. Msiba nimeusikia nimeshachelewa."

Regina alimtazama usoni, akakumbuka. Baba alikuwa amemwomba jambo moja tu kabla ya kufa: kaka yake, ambaye walikuwa hawasemeshani kwa miaka mingi, akija, ampokee kwa magoti kama binti wa nyumbani. Naye aliahidi.

Lakini tangu wiki ya msiba, goti lake la kulia lilikuwa halikunjiki. Alisogea akichechemea, akajaribu kupiga magoti, likagoma.

"Acha tu, mwanangu. Naona unavyochechemea."

"Nisubiri kidogo, baba mkubwa."

Aliketi kizingitini na kichupa cha mafuta ya mawese, akayapaka kwenye kidole gumba, akatafuta pajani lile fundo gumu alilowahi kuonyeshwa na muuguzi kuwa ndilo linalokaza goti, akaanza kujichua. Alipolikandamiza, maumivu yalishuka mpaka gotini, machozi yakamlengalenga. Hakuachia. Alipumua polepole, hadi msuli ukaanza kulegea chini ya kidole.

Mzee aligeuza uso, akatazama ziwa.

Regina akashika mwimo wa mlango, akajishusha. Goti likalia, likakunjika, likagusa sakafu.

"Shikamoo, baba mkubwa. Karibu nyumbani."