Kichuguu Kilichouza Kumbikumbi

Niliwahi kuchinja ng'ombe mwenye mimba ili harusi yangu isifiwe. Mungu anisamehe. Ndiyo maana nasimulia habari hii.

Katika kichuguu kidogo, Waziri wa mchwa aliwauzia ndege kanga kumbikumbi wote, yaani watoto wa mchwa wenye mabawa, akalipwa pumba. Ghala likafurika.

"Uchumi unakua!" akatamba.

Fundi mmoja mzee akamwuliza, "Mheshimiwa, hao ndio wanaokwenda kujenga vichuguu vipya. Hiki kikibomoka tutahamia wapi?"

"Mzee wangu, kula pumba, acha uchuro."

Mwaka wa nne wa biashara hiyo masika yakakibomoa kichuguu. Waziri na mchwa wenzake wakawakimbilia kanga. "Wateja wetu, tusitirini!"

"Karibuni," wakasema kanga, wakaanza kudonoa.

Ndugu yangu, kabla hujashangilia, naomba uulize kimeuzwa nini.