Askari wa Kichuguu na Dada Yake

Mchwa askari alikuwa kipofu. Alimjua adui yake Kuvu kwa harufu tu. Siku moja Bakteria, adui mwingine, alipokuja na harufu ileile, askari alimng'ata, na kichuguu kizima kikamsifu.

Kesho yake harufu ikarudi mlangoni.

"Ni mimi, dada yako Zuwena. Nilikuwa nawalamba wagonjwa, nawatoa Kuvu migongoni."

"Unanuka Kuvu. Nenda zako!"

"Nisiponuka mimi, kaka, mtanuka wote."

Askari akamng'ata, akamfukuza.

Wagonjwa wakakosa wa kuwalamba, wakafa mmoja mmoja, Kuvu akaenea kichuguu kizima, hata askari akabaki peke yake. Ndipo mgongo ukaanza kumwasha, pale asipopafikia.

"Dada Zuwena! Njoo unilambe!"

"Zuwena ulimfukuza," Kuvu akamjibu kutoka mgongoni. "Nimebaki mimi."