Maji ya Rejeta

Umegeuza uso, mwanakijiji mwenzangu, nimekuona. Gari la mhandisi wa maji limechemka hapa Kilambo mchana kweupe, nawe ukajifanya unatazama mto.

Alikuwa ametoka kutuambia, kwa mara ya nne tangu wachimbe kisima chetu, kwamba maji yake ni salama kunywa. Sijasahau hata moja.

Mvuke ulijaa kwenye boneti, maji yakafoka kutoka chupa ya akiba ya rejeta. Fundi wetu Somoe hakukurupuka. Alingoja injini ipoe, akaushika mfuniko wa rejeta kwa kitambaa, akaufungua taratibu. Mpira wake ulikuwa umepasuka.

"Haushiki presha, mheshimiwa. Ndiyo maana maji yote yanakimbilia nje."

Akachomoa mfuniko mzima kwenye gari bovu la jirani, kisha akachota ndoo kisimani ajazie. Alipoinamisha ndoo, mhandisi akamdaka mkono.

"We mama, hayo usitie! Yana chumvi, yataniozesha injini!"

Maji yaliyommwagikia Somoe mkononi yalikauka juani, yakaacha ukungu mweupe kwenye vidole.

"Wanangu wanayanywa mwaka wa tatu," alisema.

"Nileteeni ya dukani, nina kikao Mtwara."

Somoe akajaza kikombe, akamnyooshea. Mfuniko ameufumbata kwa mkono wa pili.

"Kunywa kwanza, baba. Ukimaliza, nakufungia."

Hajanywa. Anapiga simu aletewe gari jingine. Toka hapo ulipo, njoo usimame nasi barabarani kabla halijafika.