Mstari wa Nusu Kidonge

Ashatu alikishika tena kifundo cha mkono wa bibi yake, akaitazama saa, akahesabu. Mapigo mia na nne kwa dakika. Karatasi aliyoipakata ilisema sabini na sita.

Hesabu aliipiga mwenyewe, kwa ile rula ya kukokotolea, yenye ulimi wa kuteleza, aliyokuja nayo Bagamoyo likizo kutoka chuo cha dawa: uzito wa bibi, kidonge kimoja cha moyo kila asubuhi, na kiasi ambacho mwili hukitoa kwa siku. Kwenye karatasi, mstari wa penseli wa dawa mwilini ulikuwa umepanda wiki nzima, ukatulia. Moyo wa bibi haukutulia.

Akausukuma ulimi wa rula, akajaribu kwa nusu kidonge. Mapigo mia na tatu, karibu sawa na ya bibi.

"Bibi, dawa unakunywa?"

"Kila siku, mjukuu wangu. Mungu shahidi."

Ashatu akakivuta chano cha tambuu. Kwenye makali ya kisu cha popoo palikuwa na unga mweupe. Akauonja. Haukuwasha kama chokaa, ulikuwa mchungu.

Bibi akageukia ukuta. Upande wa pili aliishi mke mwenziwe, na hawakuwa wamesalimiana tangu mume wao azikwe.

"Na yeye moyo unamwenda mbio," akasema. "Namsikia anavyohema. Nusu namwekea dirishani. Huichukua, wala hasemi ahsante."

"Bibi."

"Akifa yule, nitamnunia nani?"

Ashatu akaigeuza karatasi upande mweupe.

"Mwenzio ana uzito gani?"