Mama Mukwe mu Njia ya Ruashi

Paulin aliona mwavuli mwekundu, akarudisha kikombe bila kumaliza, akaruka juu ya kinga, ile baiskeli yake ya mikate, na kukimbia sawa muntu mwenye basoda ba bunduki banafukuza.

Nyuma yake Mama Mulenga, mwenye kuuzisha munkoyo, kinywaji ya mahindi, kando ya njia, alibaki amesimama.

"Eh, Tata Paulin! Nilikuwa nakuongezea!"

Paulin hakugeuka. Angegeuka namna gani? Chini ya ule mwavuli kulikuwa mama mukwe wake. Na kwabo, bantu ba Luapula, bwana na mama ya bibi yake habaonane sura mpaka siku bazee banafanya karamu ya kuingiza mukwe mu nyumba. Karamu ya Paulin ilikuwa haiyafanyika. Basi, ukiona pagne, kitenge ya mama mukwe, inakuya, unatafuta njia ingine. Kama njia ingine haiko, unapiga pédale.

Mambo ilianza juu ya camionnette, motokari ya kubeba mikate. Paulin alikuwa chauffeur wa boulangerie moya, fasi ya kupika mikate, mu mutaa wa Bel-Air. Myaka yote alikuwa anakaa mu kiti, mukono moya ku volant, mukono ingine mu kitunga ya mikate, na tumbo likaendelea kumutangulia kila fasi. Kisha Katanga ikajitenga, vita ikafika mu muji wabo wa Elisabethville, na basoda bakakuya kuomba camionnette. Bakapiga saluti, bakaenda nayo.

Patron wa boulangerie akamupa kinga.

"Paulin, bantu ba mutaa wa Ruashi banataka mukate ya moto. Mpaka mwisho wa mwezi, jifunze. Kama mukate inaendelea kufika baridi, nitatafuta kijana."

Siku ya kwanza alianguka mbele ya barrage, kizuizi ya basoda mu njia. Basoda bakamusaidia kusimama. Mikate yenye ilianguka, bakaisaidia pia.

Siku ya pili hakuanguka. Lakini kila kamulima alishuka na kusukuma kinga, kila kivuli alipumuzika, na kwa Mama Mulenga alikunywa munkoyo mpaka mikate ikakuwa baridi na ngumu sawa mawe.

Mangaribi, mu nyumba yabo ya mutaa wa Kenya, bibi yake Hortense alimukanda miguu na maji ya moto.

"Ulipumuzika fasi ngapi?"

"Kidogo tu."

"Tata!"

"Basi, kila fasi yenye kuwa na kivuli. Mama, hii kazi ya kinga iko ya bantu bakondefu."

"Na batoto batakula nini? Tumbo yako?"

Hortense akakanda, akakanda. Kisha akasema polepole:

"Ah, nilisahau kukuambia. Mama yangu alifika kutoka Kasenga. Iko ku Ruashi, kwa mukubwa wangu. Ule hayue kukaa mu nyumba, anatembea tu. Utamutambua: pagne ya samaki na mwavuli mwekundu. Tafazali, tata, umuheshimie. Usiniletee haya."

Paulin akaapa.

Kesho yake, ku kivuli ya kwanza, mwavuli. Akapita lubilo, mbio kabisa. Ku kamulima, akiwa anataka kushuka asukume, anaangalia nyuma: mwavuli unapanda polepole. Akapanda na kinga mpaka juu, ulimi inje. Kwa Mama Mulenga, mwavuli ulikuwa umeshakaa ku kiti.

"Mama yako iko na miguu ya namna gani?" aliuliza ile mangaribi. "Nilimuacha Bel-Air, namukuta mbele yangu ku Ruashi!"

"Labda camion ya ONU inamubeba."

"Umoja wa Mataifa muzima unabeba mama mukwe wangu?"

"Si banasema balikuya kulinda bantu?" Hortense akageukia sufuria, mabega ikitetemeka.

"Unalia?"

"Moshi."

Paulin alijaribu kutoka mapema. Mwavuli ulitoka mapema zaidi. Alijaribu kuzunguka na njia ya nyuma. Mwavuli ulikuwa mule. Akaacha kujaribu, akapiga pédale tu. Mushipi ukaomba tundu mupya, kisha ingine. Bamama ba soko ya Kenya, barafiki ba Hortense, bakimuona anapita balikuwa banapiga makofi sawa ku mashindano ya kinga: "Coureur! Coureur!" Banacheka mpaka nyanya inaviringika mu njia. Paulin alinyoosha kifua. Alijua banamupenda.

Mwisho wa mwezi, patron mwenyewe akamungojea ku Ruashi. Akatosha mukate mu kitunga, akaupasua. Moshi ikapanda.

"Kazi iko yako," patron alisema. "Lakini ulifanya namna gani, Paulin?"

"Ni heshima tu, patron."

Hortense aliposikia, alipiga kigelegele mpaka majirani bakatoka. "Sasa tutafanya ile karamu! Mama atakuingiza mu nyumba, na utamuangalia sura bila woga."

"Afazali," Paulin alisema. "Nimechoka kumukimbia."

Siku ya posho, njo Jumamosi, alipita ku soko ya Kenya na mikate ya karamu. Camion ya samaki ya Kasenga ilikuwa inasimama. Hortense alikuwa pale, mikono juu, anashusha mama muzee moya mwenye pagne ya maua.

"Mama!" Hortense alilia kwa furaha.

Karamu ilikuwa ya mangaribi. Heshima ilikuwa ingali heshima. Paulin akageuka haraka, akaficha sura nyuma ya vitunga vya samaki. Mbele ya macho yake, ku meza ya bamama ba nyanya, miavuli mitatu myekundu ilikuwa imeegemea. Akasikia muzee anapiga mikono kwa kushangaa.

"Mwanangu, kumbe Elisabethville iko kubwa vile! Tangu kuzaliwa kwangu, leo njo mara ya kwanza nakanyaga huku."